Vyuo vya Kale na Mikono Iliyovinakili

Neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu kabla halijapata maana ya mahali pa kusomea. Mtoto alipelekwa chuoni kwa sababu huko ndiko vyuo viliko. Aliyevisoma vingi akaitwa mwanachuoni. Na utendi wa Herekali ulipoitwa Chuo cha Herekali, walioupa jina hilo hawakuwa na shule mawazoni mwao. Mimi nilikaa miaka miwili katika chuo kikuu nikilitamka neno hilo asubuhi na jioni bila ya kujua kwamba natamka jina la kitabu. Nalitanguliza jambo hili dogo kwa kuwa kosa kubwa nitakalolieleza hapa ni la ukoo mmoja nalo. Nilikuwa karibu na kitu, nikijua jina lake, wala sikukiona.

Nilipotakiwa kuchagua jambo la kutafitia, nilitaka utungo wa kale kupita zote. Tamaa hii ni ya kawaida kwa vijana, nami sikuionea haya. Herekali ndiyo iliyonivuta kwanza. Utendi huu, ambao husimulia vita vya Waislamu na Kaisari wa Rumi, ulitungwa Pate na Mwengo bin Athumani, na mwaka wake husemwa kuwa 1141 wa Hijra, yaani 1728. Una beti zaidi ya elfu moja na mia. Mwaka 1854 mmisionari Krapf, aliyekuwa amekaa Mombasa tangu 1844, aliupeleka Halle, Ujerumani, katika maktaba ya chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki. Ulikaa huko zaidi ya nusu karne kabla Carl Meinhof hajaupiga chapa, mwaka 1911 na 1912. Jan Knappert akaufanyia kazi ya shahada ya udaktari Leiden mwaka 1958. Nilipoona ya kuwa uwanja huo umekwisha kulimwa, niligeukia utendi mwingine wa upande wa Lamu, mfupi zaidi, ambao nakala yake ilikuwa imehifadhiwa katika maktaba moja mbali na mahali nilipokuwa nikisoma. Niliandika barua kuomba picha za kurasa zake. Picha zilikuja, nyeusi na nyeupe, na katika ubeti wa mwisho palikuwa na mwaka wa Hijra uliorudi nyuma hadi karne ya kumi na nane. Furaha yangu siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko elimu yangu.

Hapana budi nieleze ugumu wa kuvisoma vyuo hivi, maana ndani ya ugumu huo ndimo nilimopotelea. Herufi za Kiarabu zilikuja pwani zikiwa zimekatwa kwa kipimo cha Kiarabu, na Kiswahili kilivaa nguo isiyoshonewa mwili wake. Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala g ya neno gogo. Tena irabu zake zilizo na alama ni tatu tu. Basi waandishi wa kale waliitia p katika be, na v katika fe, na g katika ghaini. Sauti ya e iliandikwa kwa kasiri sawasawa na i, na sauti ya o kwa dhuma sawasawa na u. Zaidi ya hayo, m na n zinazoitangulia konsonanti nyingine, kama zilivyo katika mb na nd, aghalabu hazikuandikwa kabisa. Mwenye kukuta be yenye kasiri na dali yenye fataha mbele yake aweza kusoma penda, au pinda, au binda, na kalamu haimwambii ni lipi. Itamwambia maana ya ubeti, ikiwa anaijua. Kwa ajili hii asiyekuwa na utendi masikioni mwake hawezi kuusoma kwa macho, huubahatisha.

Nakala yangu haikunipa taabu hiyo. Mwandishi wake aliipa p herufi yake yenye nukta tatu chini, kama Waajemi waandikavyo, na sauti nyingine kadha alizitenga kwa alama alizozishika toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza: wepesi huu wametengenezewa nani? Mimi sikujiuliza. Niliandika sura nzima, kurasa zipatazo arobaini, kuthibitisha kwamba waandishi wa visiwa vya Lamu katika karne ya kumi na nane walikuwa wamekwisha kuitengeneza hati ya Kiarabu ifuate sauti za Kiswahili, na kwamba vizazi vilivyofuata viliusahau ufundi huo. Ilikuwa hoja nzuri. Mpaka leo nikiisoma naipenda, kama mtu apendavyo nyumba aliyoijenga katika kiwanja cha mwenziwe.

Nilipomaliza nilimpelekea mzee mmoja aliyekuwa amesomesha Kurani maisha yake yote, ambaye watu walimwita Maalim tu. Alizisoma beti za mwanzo kwa mahadhi, taratibu, akanisahihisha mahali pawili ambapo nilikuwa nimeuvunja mzani. Kisha akaziweka picha kando.

“Chuo chenyewe umekishika, mwanangu?”

“Sijakishika, Maalim. Nina picha zake zote.”

“Picha ni uso. Nenda ukakishike.”

Nauli ilinigharimu akiba ya muhula mzima, nikaenda. Mkutubi alikileta chuo juu ya kitambaa, akakiweka mbele yangu, nami kabla sijasoma neno niliona mistari. Ilikuwa mistari ya samawati, myembamba, iliyopigwa na mashine toka ukingo hadi ukingo, kama ile ya daftari la mtoto wa shule. Kamera haikuishika, kwa maana wino mweusi na karatasi nyeupe ndivyo tu ilivyovitaka. Karatasi ile ilitengenezwa na kiwanda katika karne ya ishirini. Mwaka ule wa Hijra ulikuwa mwaka wa mtungaji, na mnakili, akiwa mtu mwaminifu, aliunakili pamoja na maneno mengine yote. Kurasa zangu arobaini zilikuwa zimeusifu ufundi wa karne ya kumi na nane kwa ushahidi wa mtu ambaye babu yangu angeweza kumsalimu njiani.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma, na Maalim ndiye aliyenianzisha, maana alikuwa na vyuo vichache vya wazee wake. Alinifundisha kuinua karatasi mbele ya mwanga. Karatasi ya zamani ya Ulaya huonyesha alama ya kiwanda iliyotiwa wakati rojo la karatasi lilipokuwa bado maji. Mojawapo iliyoenea sana katika nchi za Waislamu ni ile ya hilali tatu zilizopangwa safu moja, kubwa, ya kati na ndogo, ambayo mafundi wa Italia waliitengeneza kwa masoko ya Mashariki. Karatasi ya Ulaya ilifika mpaka kisiwa cha Pate, na baadhi ya misahafu mizuri ya Siyu, yenye mapambo ya rangi nyekundu, nyeusi na manjano, imeandikwa juu yake. Alinionyesha jinsi wino wenye chuma uilavyo karatasi kidogo kidogo mpaka herufi zikadondoka zikaacha matundu ya umbo lake. Alinionyesha neno moja lililoandikwa mshazari chini ya ukurasa, ambalo ndilo neno la kwanza la ukurasa ufuatao, ili karatasi zisizo na namba zisipoteane. Alinikataza kulamba kidole. Na mwisho alinionyesha mahali ambapo mnakili, akiisha kuandika tamati, hutaja jina lake, na jina la aliyemwandikia, na siku, na kumwomba msomaji amsamehe makosa na amwombee dua. Katika kuvisoma vyuo nilikuwa nikiishia penye tamati. Yaliyofuata niliyadhani ni adabu tu.

Chuo changu kilikuwa na maneno hayo baada ya tamati. Nitayarudia baadaye, kwa sababu katika kumtafuta mtu aliyeyaandika nilikutana na watu wengine ambao hadithi zao ni kubwa kuliko yangu.

Wa kwanza wao ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mchonga milango, mshairi, mwimbaji, bingwa wa ngoma na mwandishi wa hati nzuri. Profesa Alice Werner wa London, aliyefika Lamu kabla ya Vita Kuu ya kwanza, alipata vyuo kwake. William Hichens, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kisha akawa mhariri wa tungo za Kiswahili, aliandikiana naye barua kwa miaka na kupokea miswada kutoka kwake. Ernst Dammann, Mjerumani aliyekwenda Lamu mwaka 1936, naye alikaa naye na kuandikiwa. Kwa njia hii mkono mmoja uliingia katika maktaba za London na za Ujerumani. Mwanafunzi akifungua sanduku la kwanza akauona, akifungua la pili akauona tena, aweza kudhani kwamba amekutana na mapokeo ya pwani nzima, kumbe amekutana na mtu mmoja mwenye bidii. Utendi wa Fumo Liyongo, ambao wanafunzi wetu wengi huusoma kana kwamba ni wa zama za Liyongo mwenyewe, Kijuma aliuandika mwaka 1913. Hadithi ni ya kale, na nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo ni za kale. Utendi una umri wa mtu mzee.

Wapo wanaolisikia jambo hili wakamvunjia Kijuma heshima, wakamwita mfanyabiashara. Mimi siafikiani nao. Alilipwa kwa kazi yake, kama seremala alipwavyo kwa mlango, na hakuna aliyepata kusema kwamba mlango uliolipiwa si mlango. Tena hakuwa chombo cha kupitishia maneno ya wengine. Mohamed Abou Egl aliyaandika maisha yake katika tasnifu ya London ya mwaka 1983. Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walizitoa hati zake zilizokuwa kwa Dammann mwaka 2010. Na Vierke, katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya Utendi wa Haudaji, alizilinganisha nakala ubeti kwa ubeti. Anayezifuata kazi hizi ataona kwamba mnakili wa utendi huchagua: neno hili hulibadili, ubeti ule huusogeza, mwingine huuongeza. Mtungaji wa kwanza hukaa mbali, nyuma ya watu wengi, na kila mmoja wao ana mkono katika kazi. Mhariri wa Ulaya aliyefundishwa kutafuta nakala iliyo safi, karibu na mtungaji, aliona mabadiliko haya kuwa uchafu. Kwa utendi, uliokuwa ukiimbwa majumbani na kuandikwa upya kila mara, sidhani kwamba kulikuwa na maji safi ya chemchemi ambayo wengine waliyachafua.

Wa pili ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, akayatilia maelezo ya maneno magumu na ya matukio yaliyoyaleta, akifanya kazi pamoja na mmisionari W. E. Taylor, ambaye alikuwa mwanafunzi wake zaidi ya kuwa mwajiri wake. Sikujua alifariki mwaka 1890. Makaratasi yalikwenda Uingereza na Taylor, yakafika mikononi mwa Hichens, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikapigwa chapa Johannesburg. Leo tukimtaja Muyaka hatusiti: tunajua alimjibu nani, na shairi lipi lilitoka katika fitina gani ya mji. Ujuzi huo hatukuupata kwa Muyaka. Tuliupewa na mtu aliyekaa na wazee waliomkumbuka, akaandika karibu nusu karne baada ya kifo chake. Laiti Sikujua angalikuwa mvivu, Muyaka angalikuwa jina tu.

Mwana Kupona binti Mshamu sina haja ya kumweleza kwa wasomaji hawa. Aliutunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, na Werner aliwahi kukutana na binti huyo katika uzee wake, kabla ya kuutoa utendi mwaka 1917, na tena pamoja na Hichens mwaka 1934. Namtaja ili niseme neno moja tu: utendi huu uliishi kwanza katika vyumba vya wanawake, ukisomwa na kunakiliwa humo, na katika orodha za maktaba majina yaliyoandikwa ni ya wanaume waliouuza au waliouchapisha. Mikono ya wanawake walioulinda kwa zaidi ya nusu karne haikuingia katika orodha.

Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen na mkewe walizunguka pwani wakitafuta miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki. Orodha ya walivyovipata ilichapwa Leiden mwaka 1970, na jina lake lataja miswada pamoja na kanda za sauti. Nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilidhani kanda ni nyongeza. Maalim alicheka. Kwake, chuo kisichosomwa kwa sauti kilikuwa ni kumbukumbu ya chuo. Mwandishi wa kale aliyeandika be mahali pa p hakuwa mzembe: alikuwa akimwandikia mtu aliyekwisha kuusikia utendi huo, akimkumbusha. Alama zile za ziada katika chuo changu, ambazo nilizifanyia sura nzima, zilikuwa za kumsaidia msomaji asiyewahi kuusikia. Yamkini alikuwa mgeni. Yamkini alikuwa kijana wa pwani aliyesomea herufi za Kirumi, kama mimi. Vyovyote iwavyo, mnakili alijua ya kwamba masikio yamepungua, akayafanyia macho kazi iliyokuwa ya masikio. Hiyo ndiyo historia iliyokuwamo ndani ya chuo kile, na ni historia ya kweli. Ila nilikuwa nimeiweka katika karne isiyo yake.

Swali la vyuo kuwa mbali na kwao huulizwa kila mara, na majibu mepesi yako mengi. Vingine viliuzwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine viliazimwa na havikurudi. Mwenye kusema vyote viliibwa hakusoma barua, na mwenye kusema vyote vilinunuliwa kwa haki hakukaa na wazee waliosubiri. Mchwa na unyevu wa pwani navyo vilichukua sehemu yao bila ya kuandikiana na mtu. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2008, alitumia miaka mingi London akiisoma na kuieleza miswada ya Kiswahili iliyoko huko, na mwaka 1997, pamoja na P. J. L. Frankl, alitoa mapendekezo ya jinsi ya kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila ya utata. Siku hizi picha za sehemu ya hazina hiyo zaweza kuonwa na mwanafunzi aliyeko Zanzibar au Lamu bila ya nauli, tena kwa rangi, na mistari ya samawati ingeonekana. Naishukuru hatua hii. Hata hivyo picha haiinuliki mbele ya dirisha, na hilali tatu hazionekani kwa mwanga wa mbele.

Sasa nirudi kwenye chuo changu. Sura ya kurasa arobaini niliitoa, na mahali pake nikaandika nyingine, fupi, juu ya mnakili. Nilianza daftari la majina: kila chuo nilichokishika, niliandika jina la aliyekinakili, na la aliyenakiliwa, na mji, na karatasi, na jinsi mkono wake unavyokipinda kichwa cha kafu, maana mtu aweza kuficha jina lakini kafu yake humsema. Daftari hilo limekwisha kuwa madaftari matatu. Mara mbili limenipa jawabu, kwa kuwa mkono usio na jina katika maktaba moja uliwekwa sahihi katika maktaba nyingine.

Mnakili wangu bado sijampata. Baada ya tamati alisalimu, akaomba asamehewe makosa, akaandika kwamba aliyeandika ni fakiri wa Mungu, na hapo wadudu waliingia kwa upande wa mshono. Limebaki neno bin, na baada yake herufi ya kwanza ya jina la baba yake. Nukta zimeliwa: yaweza kuwa be, yaweza kuwa te, yaweza kuwa nuni.